Kabla ya Kuvuka Ziwa: Ultrasaundi Kando ya Kitanda na Uamuzi wa Rufaa Kanda ya Ziwa

Tabibu anayeshika zamu ya usiku katika kituo cha afya cha kisiwani, Ukara au Kome, hukabiliwa na swali ambalo mwenzake wa Mwanza mjini haulizwi: mgonjwa huyu avushwe sasa hivi, au asubiri kukuche? Kumvusha ni kutafuta boti, mafuta na nahodha anayekubali kukata maji gizani. Ni ndugu kuchangishana nauli na kuacha watoto kwa majirani. Ni safari ndefu ndani ya chombo ambamo presha ikishuka hakuna msaada zaidi ya dripu. Kumsubirisha nako kunaweza kuwa salama kabisa, na kunaweza kuwa kifo. Uamuzi huo mzito mara nyingi hufanywa kwa mikono, kwa macho na kwa kipimo cha presha tu.

Mashine ndogo za ultrasaundi, zile zinazoshikwa mkononi na kuunganishwa na simu, zimeleta matumaini mapya kwa vituo vya namna hiyo. Wapo wanaozisifu kana kwamba zitaziba kila pengo, na wapo wanaoona ni anasa mahali ambapo hata glavu huisha. Pande zote mbili zinatazama mashine. Ninachoshikilia hapa ni kwamba mashine ipimwe kwa uamuzi inaoubadilisha, na kwamba ukingoni mwa Ziwa Victoria uamuzi wenye thamani kuliko yote ni wa rufaa: nani avuke, lini, aende wapi, na huko aendako waandae nini kabla hajafika.

Umbali usioonekana kwenye ramani

Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800. Upande wa Tanzania, huduma ya rufaa kwa wakazi wa kandokando na visiwani hupanda ngazi kwa ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya kama ile ya Nansio kisiwani Ukerewe, hospitali ya rufaa ya mkoa ya Sekou Toure, na mwisho Bugando, hospitali ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima kinachoitazama Mwanza. Bugando inapokea wagonjwa kutoka mikoa yote ya Kanda ya Ziwa. Huko kuna madaktari bingwa wa upasuaji, CT scan, chumba cha wagonjwa mahututi na vifaa vya endoskopi.

Barabara zimepunguza sehemu ya umbali huo. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3 na lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa foleni ya kivuko iliyokuwa ikiwakwamisha wagonjwa wa Sengerema na Geita. Lakini daraja halifiki Ukara. Halifiki pia kwenye makambi ya wavuvi ambako watu huishi kwa miezi kadhaa na kuhama samaki wanapohama.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Bwisya, Ukara, kikiwa kimepakia kupita uwezo wake, na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha. Hakuna kipimo cha hospitali ambacho kingewaokoa watu wale; walihitaji chombo salama na waokoaji wa haraka. Msiba ule ulifundisha nchi nzima kwamba kuvuka ziwa kwenyewe ni hatari, na sehemu ya rambirambi zilizochangwa ilitumika kupanua kituo cha afya cha Bwisya. Kwa hiyo uamuzi wa kumvusha mgonjwa una gharama zaidi ya fedha. Anayeuamua anastahili kupewa kila taarifa inayoweza kupatikana palepale kando ya kitanda.

Sauti inaonyesha nini

Watu wa ziwani hawahitaji kwenda mbali kuelewa kazi ya ultrasaundi. Kwa miaka mingi watafiti wa samaki wamekuwa wakipita ziwani na meli inayopeleka sauti chini ya maji, wakisoma mwangwi wake ili kukadiria wingi wa sangara na dagaa. Ultrasaundi hufanya hivyo hivyo mwilini. Kichwa cha mashine kinachogusa ngozi hutoa sauti ya juu mno, ambayo sikio la binadamu haliisikii, kisha hupokea mwangwi unaorudi. Maji na damu hupitisha sauti bila kuirudisha, hivyo huonekana vyeusi kwenye kioo. Hewa huirudisha karibu yote na mfupa huizuia kwa kiasi kikubwa, hivyo vilivyo nyuma yake havionekani vizuri.

Sifa hiyo ndiyo msingi wa matumizi ya dharura. Damu iliyovuja tumboni huonekana kama utepe mweusi mahali ambapo hapapaswi kuwa na weusi. Tangu daktari Ian Donald na wenzake wa Glasgow walipochapisha kazi yao mwaka 1958, ultrasaundi ilikuwa ya chumba maalumu na mtaalamu maalumu. Ilianza kutoka nje ya chumba hicho mapema kuliko wengi wanavyodhani, na Afrika Mashariki ilikuwa mstari wa mbele: katika miaka ya 1980, watafiti waliokuwa Turkana, Kenya, walibeba mashine hadi kwenye maboma ya wafugaji kutafuta uvimbe wa maji unaosababishwa na minyoo ya mbwa. Baada ya tetemeko la Armenia la Desemba 1988, madaktari waliitumia kuchambua mamia ya majeruhi. Jambo jipya leo ni bei na ukubwa. Mashine ya mkononi iliyoingia sokoni mwaka 2018 kwa takriban dola 2,000 za Marekani inaingia kwenye mfuko wa koti.

Tofauti kubwa kati ya kipimo cha idara ya radiolojia na kipimo cha kando ya kitanda ni aina ya swali. Mtaalamu wa radiolojia huchunguza kiungo chote na kuandika ripoti. Tabibu wa dharura huuliza swali moja lenye jibu la ndiyo au hapana: kuna damu tumboni? Mimba iko ndani ya kizazi? Kuna maji yanayoubana moyo? Nidhamu ya kubaki ndani ya maswali hayo machache ndiyo inayofanya kipimo hiki kifundishike kwa mtu ambaye si mtaalamu wa picha.

Maswali ya ziwani

La kwanza ni la wajawazito. Takwimu za Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto zinaonyesha kuwa vifo vya uzazi nchini vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16 hadi 104 mwaka 2022. Ni mafanikio makubwa, lakini kutokwa na damu bado ni miongoni mwa sababu zinazoua haraka kuliko zote. Msichana mwenye maumivu ya tumbo, mapigo yanayokimbia na kipimo cha mimba kilichoonyesha ndiyo, akiwekewa kichwa cha mashine tumboni na kizazi kikaonekana kitupu huku weusi umejaa kukizunguka, hana muda wa kusubiri asubuhi: mimba iliyotunga nje ya kizazi huenda imepasuka. Mwanamke wa miezi minane anayetokwa damu bila maumivu naye ana hatari yake. Kondo la nyuma likiwa limetangulia na kuziba mlango wa kizazi, kidole cha mpimaji kinaweza kufungulia damu isiyozuilika. Kujua mahali kondo lilipo kabla ya kupima ukeni ni kinga yenyewe.

La pili ni la majeruhi. Bodaboda, magari ya abiria na mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita huleta watu waliopigwa tumbo na kifua bila jeraha kubwa la nje. Kipimo kinachojulikana duniani kwa jina la FAST hutazama sehemu nne: kati ya ini na figo ya kulia, kati ya bandama na figo ya kushoto, nyuma ya kibofu, na kuzunguka moyo. Kwa aliyezoea, huchukua dakika chache. Kikiongezwa kifua, kinaweza pia kuonyesha pafu lililoachana na ukuta wake.

La tatu ni la ziwa lenyewe. Kichocho cha matumbo kimejikita kwenye jamii za wavuvi, na kisipotibiwa kwa miaka mingi huacha makovu kwenye ini. Damu inayozuiwa njia hujaza mishipa ya koo la chakula hadi ipasuke, na mgonjwa hutapika damu mabeseni kwa mabeseni. Ultrasaundi ndicho chombo ambacho watafiti wa kichocho wamekitumia kwa miongo kadhaa kupima makovu hayo, kwa utaratibu uliokubaliwa chini ya Shirika la Afya Duniani. Ni chombo hicho hicho kinachoweza kumwambia tabibu wa dharura kwamba mtu huyu anayetapika damu ana bandama kubwa na mshipa mpana wa ini, kwa hiyo kidonda cha tumbo si dhana ya kwanza tena. Mgonjwa huyo anahitaji endoskopi ya kufunga mishipa, na kwa mwambao huu maana yake kwa kawaida ni Bugando. Kumpeleka kwanza mahali pengine pasipo na huduma hiyo ni kupoteza damu na muda.

La nne ni la pumzi. Virusi vya UKIMWI vimeziumiza sana jamii za uvuvi, na kifua kikuu hufuata nyuma yake. Maji kuzunguka moyo au mapafu, na vijidoa kwenye bandama, ni dalili zake ambazo madaktari waliofanya kazi Afrika Kusini walizipanga katika kipimo kifupi cha ultrasaundi kwa wagonjwa wa aina hii. Moyo uliobanwa na maji hauitiki kwa dawa za pumu wala za nimonia. Maji hayo yanahitaji kutolewa kwa sindano na mtu anayejua.

Ushahidi unavyogongana

Tafiti zilizofanyika katika ukanda wetu zinatia moyo, lakini hazikubaliani zote. Nchini Rwanda, madaktari wa hospitali mbili za vijijini waliofunzwa mwaka 2008 walifuatiliwa katika vipimo 345, na mpango wa tiba ulibadilika katika asilimia 43. Nchini Uganda, kituo cha afya cha Nawanyago, Kamuli, kiliweka ultrasaundi kwa wajawazito, picha zikapelekwa kwa mtandao wa simu kwa wataalamu wa mbali. Mahudhurio ya kliniki na idadi ya waliojifungulia kituoni ziliongezeka.

Kisha ukaja utafiti mkubwa zaidi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 kutoka Kenya, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Zambia, Guatemala na Pakistani yalilinganisha maeneo ambako wajawazito walipewa ultrasaundi mara mbili na maeneo yasiyokuwa nayo. Mahudhurio hayakuongezeka. Wenye matatizo hawakujifungulia hospitali zaidi ya wenzao wa maeneo yasiyokuwa nayo. Vifo vya mama na watoto havikupungua. Mwaka huo huo utafiti mwingine wa Amerika Kaskazini na Afrika Kusini, uliohusu wagonjwa 273 waliofika idara za dharura presha ikiwa chini bila sababu inayojulikana, haukuona tofauti ya kunusurika kati ya waliopigwa ultrasaundi na wasiopigwa.

Tunayasomaje haya? Wengine huchukua utafiti unaowafurahisha na kuuacha mwingine. Mimi naona yote yanasema jambo moja. Rwanda ilipima kama uamuzi ulibadilika, na ulibadilika. Tafiti za 2018 zilipima kama watu walipona, na hapo picha peke yake haikutosha. Katika hospitali yenye maabara na CT scan, taarifa ya ultrasaundi ingepatikana kwa njia nyingine muda mfupi baadaye. Katika kijiji kisicho na gari, damu wala mpasuaji, taarifa ilipatikana lakini hapakuwa na hatua ya kufuata. Faida iko katikati: mahali ambapo hakuna kipimo kingine, lakini kuna hatua tofauti inayofikika kwa muda unaofaa. Mwambao wa Mwanza uko katikati hapo kwa sehemu kubwa. Hakuna CT scan kisiwani, lakini upo upande wa pili wa maji mji wenye vyumba vya upasuaji. Baadhi ya vituo vya afya vilivyoboreshwa kwa upasuaji wa dharura wa uzazi vinaweza hata kumpasua mama palepale bila kuvuka.

Kuna onyo jingine la kushikwa kwa mikono miwili. Mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2018 yalikusanya tafiti 34 za ultrasaundi kwa majeruhi wa kifua na tumbo. Kwa kila watu 100 wenye majeraha ya ndani, kipimo kiligundua takriban 74. Kwa kila watu 100 wasio nayo, kilisema kweli kwa takriban 96. Kwa watoto uwezo wa kugundua ulikuwa mdogo zaidi. Maana yake kwa tabibu wa kisiwani iko wazi: weusi ukionekana, amini na anza safari, usipoonekana, usijitulize. Tumbo linalokakamaa na mapigo yanayopanda yana haki ya kusikilizwa hata kama kioo kimenyamaza. Kipimo kirudiwe, na mgonjwa asiachwe.

Nani ashike mashine

Vituo vingi vya visiwani havina daktari wa radiolojia, na haitarajiwi viwe naye karibuni. Wanaokuwepo saa nane za usiku ni tabibu, muuguzi na mkunga. Uganda imeonyesha njia: katika hospitali ya Nyakibale, wilayani Rukungiri, wahudumu wasio madaktari walifunzwa tiba ya dharura pamoja na ultrasaundi, na picha zao zikakaguliwa na wataalamu waliokuwa mbali kisha majibu yakarudi kwao. Nchini Kenya nako mamia ya mashine za mkononi zimegawiwa wahudumu, wengi wao wakunga, pamoja na mafunzo.

Tanzania ina msingi wake. Idara ya dharura ya Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010, mwaka huo huo chuo kikuu cha afya cha MUHAS kilianza kufundisha ubingwa wa tiba ya dharura, na fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3 za mwaka 2021, zilitumika kwa sehemu kujenga majengo ya dharura katika hospitali nyingi. Mwanza ina chuo kikuu cha afya cha CUHAS palepale Bugando. Walimu wapo na wanafunzi wapo. Kinachohitajika ni utaratibu wa kuwaunganisha.

Wataalamu wa radiolojia wana wasiwasi, na wasiwasi wao ni wa haki. Taaluma yao ina sheria na baraza lake, na picha iliyosomwa vibaya humpeleka mtu kwenye kisu bila sababu. Mafunzo ya siku mbili yanayoishia kwa cheti na picha ya pamoja hayatoshi. Chama cha madaktari wa dharura cha Marekani hupendekeza vipimo 25 hadi 50 vilivyokaguliwa kwa kila aina ya matumizi kabla ya mtu kuhesabiwa kuwa ameiva. Kwa hiyo njia nzuri ni kumfunga tabibu kwenye maswali machache, kumtaka ahifadhi kila picha, na kumpa mtaalamu wa radiolojia wa Mwanza kazi ya kuzikagua kila wiki kama sehemu ya kazi yake inayolipwa. Hivyo radiolojia inapata wanafunzi badala ya wapinzani.

Picha hizo zisizunguke kwenye makundi ya WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda mgonjwa wa Ukara sawa na wa Dar es Salaam, na kisiwani ambako kila mtu anamjua mwenzake, siri ya mimba au ya ugonjwa ikivuja haina pa kujificha.

Gharama iliyofichika na mnyororo mzima

Bei ya kununulia ni mwanzo tu. Baadhi ya mashine za mkononi hudai ada ya kila mwaka ya programu, na ada isipolipwa sehemu ya uwezo wake hufungwa. Simu au kishikwambi kinachoiendesha huzeeka. Waya hukatika, jeli huisha, betri huchoka. Mashine ya msaada isiyo na bajeti ya miaka mitano ni mzigo kwa mganga mfawidhi atakayetakiwa kuitolea maelezo ikishalala stoo. Halmashauri inayoiomba iandike kwanza nani atalipa ada, nani ataitengeneza, na nani atashika zamu aliyefunzwa akihamishwa, kwa sababu uhamisho ndio unaoua programu nyingi za namna hii.

Baada ya picha, mnyororo unaendelea. Kanda ya Ziwa ndiko ulikoanzia mfumo wa m-mama, uliojaribiwa Sengerema na Shinyanga kabla ya kusambazwa nchini. Mjamzito au mzazi aliye hatarini hupigiwa namba 115, na mratibu humtafutia usafiri na kituo cha kumpokea. Kwa mama wa Ukerewe, jibu la ultrasaundi likiingia kwenye simu hiyo, mratibu anajua kama anatafuta boti ya dharura au anaweza kungoja kivuko cha asubuhi, na wanaompokea wanajua kama waite timu ya upasuaji na waandae damu. Sentensi fupi kama "mimba nje ya kizazi, damu tumboni" huokoa muda ambao sasa hupotea kwa kuanza uchunguzi upya mapokezi. Lakini mvuvi aliyetapika damu na kijana aliyeangukiwa na kifusi hawamo kwenye mfumo uliojengwa kwa ajili ya mama. Nao wanastahili namba ya kupiga na chombo cha kuwavusha.

Ndiyo maana mpangilio wa matumizi ya fedha una uzito. Kituo kisicho na njia ya uhakika ya kumvusha mgonjwa usiku kianze na boti, mafuta na mawasiliano. Chenye usafiri lakini wanaohudumu hawajafunzwa misingi ya dharura kianze na mafunzo hayo: njia ya hewa, oksijeni, kuzuia damu. Chenye vyote viwili, kiwe na chumba cha upasuaji au kiwe na hospitali ya kumpokea mgonjwa upande wa pili, ndicho kipewe mashine, pamoja na mkaguzi wa picha na bajeti ya miaka mitano. Mafanikio yake yasihesabiwe kwa vipimo vilivyopigwa. Yahesabiwe kwa wagonjwa waliovuka kwa wakati wakakuta chumba cha upasuaji kiko tayari, na kwa wale waliotibiwa palepale kituoni salama bila kulazimika kuvuka. Halmashauri za Ukerewe, Buchosa, Sengerema na nyinginezo za mwambao zinaweza kuanza kuweka rejista ya aina hiyo hata kabla ya kununua mashine moja, na rejista hiyo ndiyo itakayoonyesha mashine ya kwanza inastahili kwenda wapi.